Tusiilaumu kabureta kabla ya kulitazama chujio

Miongoni mwa vifaa vinavyobebeshwa makosa yasiyo yao, sidhani kipo kilichoonewa kama kabureta. Motokaa ya kale ikikohoa mlimani, ni kabureta. Ikitoa moshi mweusi, ni kabureta. Ikizimika kwenye mzunguko wa barabara wakati wa msongamano, jibu huwa ni lile lile, na fundi huwa tayari ameshika bisibisi mkononi hata kabla mwenye gari hajamaliza kueleza. Kumbe aghalabu kabureta haina hatia yoyote. Imeletewa uchafu na kulazimishwa kuunywa, kisha ikahukumiwa kwa kutapika.

Nazungumza juu ya motokaa za spoti za zamani: Datsun 240Z, MGB, Triumph, Alfa Romeo na nduguze. Zipo bado humu nchini. Huonekana kila mwaka zikiwa zimeng'arishwa katika maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi, barabara ya Ngong, na huonekana pia katika mbio za Safari za magari ya kale zilizoanza mwaka 2003. Yamkini msomaji atauliza mwalimu na mwanafunzi wana haja gani na vitu vya watu wenye nafasi. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza tukubaliane juu ya kifaa chenyewe.

Mwanafunzi wa kidato cha pili chini ya mfumo wa 8-4-4 alifundishwa katika somo la Fizikia mada ya mtiririko wa majimaji na hewa. Alifunzwa kanuni ya Daniel Bernoulli, aliyechapisha kitabu chake Hydrodynamica mwaka 1738, kwamba pale mkondo unapopita kwa kasi zaidi ndipo mgandamizo wake hupungua. Kisha akaonyeshwa matumizi ya kanuni hiyo: bawa la ndege, kinyunyizio cha rangi, na kabureta. Alichora mchoro: bomba lililobanwa katikati kama kiuno cha nyigu, kijibomba kidogo kikipandisha petroli, mishale ya hewa ikiingia huku na kutokea kule. Alipata alama zake. Halafu akatoka langoni mwa shule, akapanda bodaboda iliyokuwa na kabureta halisi sentimita chache kutoka kwenye goti lake, wala asiitambue.

Hiyo ndiyo hasara ninayoililia. Isitoshe, mchoro ule wa kitabuni una kasoro moja kubwa: petroli yake haina chembe ya uchafu. Haitoki katika tangi lenye kutu, haipiti katika mpira uliochakaa, wala haisubiri mbele ya chujio lililoziba. Ni petroli ya peponi. Mtu aliyejifunza kabureta kwa mchoro huo akikutana na injini inayokohoa, hana budi kuishuku kabureta, kwa maana ndicho kitu pekee alichochorewa.

Hebu tuitazame kabureta moja ya kweli. Mnamo mwaka 1905 Mwingereza George Herbert Skinner, ambaye jamaa zake walikuwa watengenezaji na wauzaji wa viatu, alibuni kabureta ya namna yake. Ndiyo iliyokuja kujulikana kama SU, yaani muungano wa akina Skinner. Si ajabu basi kwamba zile za mwanzo zilitumia mfuko wa ngozi uliokunjwakunjwa mahali ambapo baadaye palikaa pistoni. Kabureta hii iliingia katika maelfu kwa maelfu ya magari ya Kiingereza. MGB iliyoanza kuuzwa mwaka 1962 ilikuwa nazo mbili. Wajapani nao waliipenda: Datsun 240Z ya kawaida, ile iliyouzwa dukani, ilikuwa na kabureta mbili zilizotengenezwa na Hitachi kwa mfano huo wa SU, kila moja ikilisha mitungi mitatu kati ya sita ya injini yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393.

Uzuri wa SU kwa mwalimu ni kwamba koo lake halikubanwa kwa kipimo kimoja. Pistoni hupanda na kushuka kufuatana na hewa inayovutwa na injini, ikilipanua au kulifinya koo lenyewe. Chini ya pistoni hiyo pananing'inia sindano ndefu iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea nchani, nayo huingia ndani ya tundu la jeti ambamo petroli hupitia. Pistoni ikipanda, sindano hupanda nayo, na kwa kuwa ncha ni nyembamba, petroli hupata nafasi kubwa zaidi. Dereva akikanyaga kwa ghafla, mafuta mepesi yaliyotiwa katika kijibomba cha juu huizuia pistoni isiruke upesi, na kwa nukta chache mchanganyiko huwa mzito kidogo, kama inavyotakiwa. Yote haya mwanafunzi anaweza kuyaona kwa jicho lake akiinua pistoni kwa kidole na kuiachilia. Hakuna mchoro unaoweza kushindana na kidole hicho.

Sasa ufikirie vipimo. Tundu la jeti la kabureta za MGB lina kipenyo cha inchi 0.090, yaani milimita mbili na ziada. Mtu atasema hilo ni tundu kubwa, uchafu gani utaliziba? Lakini sindano imekaa katikati yake, na bega la sindano nyingi za tundu hilo lina kipenyo cha inchi 0.089. Tofauti yote ni elfu moja ya inchi, ikigawanywa pande mbili. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara kadhaa. Katika kabureta za Weber, zile za Bologna zilizopendwa na Alfa Romeo, mambo yako wazi zaidi: jeti inayolisha injini gari likiwa limesimama ina tundu la nusu milimita hivi. Punje moja ya kutu yatosha kulifunga.

Kati ya punje hiyo na tundu hilo pana mlinzi mmoja tu, nalo ni chujio la petroli. Ni kitu duni kwa sura: kikopo cha plastiki au bati kisichojaa kiganja, ndani yake mna karatasi iliyokunjwa kama feni ya mkono ili eneo lake liwe kubwa. Karatasi nzuri huzuia chembe za mikroni kumi hadi ishirini, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ubavuni pana mshale unaoonyesha upande ambao petroli itaelekea. Bei yake haifiki hata kidogo bei ya kabureta. Lakini ndicho kitu cha mwisho kukumbukwa, na wapo watu wanaong'arisha kromu ya bampa kwa siku tatu kabla ya maonyesho huku chujio chini ya boneti likiwa na rangi ya chai ya mkandaa.

Kisa cha kawaida huenda hivi. Gari linaondoka Nairobi asubuhi likiwa zima. Mjini halina neno. Likifika kwenye mteremko wa Mai Mahiu hakuna shida, lakini wakati wa kurudi, kule kupanda, nguvu zinaanza kuisha. Dereva anakanyaga, gari linasitasita na kuruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Anasimama kando ya barabara, anafungua boneti, anawasha sigara (jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi karibu na petroli), na baada ya dakika tano akijaribu tena, gari linakwenda vizuri kama lililofanyiwa dua. Kilomita mbili mbele mambo ni yale yale.

Aliyesoma kitabu cha gari lenyewe, yaani injini, angejua kwamba ugonjwa unaopona kwa kupumzika si ugonjwa wa kabureta. Gari likiwa mjini petroli inayotumika ni kidogo, na hata chujio lililoziba nusu hupitisha ya kutosha. Mlimani injini hudai mara nyingi zaidi. Bakuli la kabureta huanza kukauka polepole, kwani linatolewa kuliko linavyojazwa. Ukisimama, petroli huendelea kudondoka kupitia chujio mpaka bakuli lijae, nawe hudhani gari limepona. Kabureta iliyopimwa vibaya haina tabia hiyo. Kosa lake huonekana wakati wote, tena huonekana hata gari likiwa limesimama na injini ikinguruma.

Lakini gari hilo halipelekwi kwa mtu wa kusoma dalili. Linapelekwa kwa mtu wa kukaza na kulegeza. Anasikia injini ina njaa, naye anaizungusha nati ya jeti ili petroli iongezeke. Kweli gari linapata nafuu, na fedha zinalipwa. Mwezi wa pili chujio limeziba zaidi, nati inazungushwa tena. Mwaka unaokuja mtu mwingine analibadilisha chujio kwa bahati tu, na ghafla gari linatoa moshi mweusi kama tanuri la mkaa, plagi zinajaa masizi, petroli inaosha mafuta kwenye kuta za mitungi. Hapo ndipo hukumu inapotolewa kwamba kabureta imekwisha, inunuliwe nyingine. Kabureta ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichoiharibu ni matibabu.

Katika nchi yetu jambo hili linazidi kutatanisha kwa sababu ya milima yetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, mchanganyiko huwa mzito kwa petroli, maana uzani wa hewa inayofaa kuungua nayo, kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, haupatikani. Fundi wa Nairobi kwa hivyo hupunguza petroli kidogo, pengine kwa kuzungusha pembe moja tu ya ile nati yenye pembe sita, na gari linakuwa tamu. Gari hilo hilo likiteremka Mombasa linakuta hewa nzito, na sasa petroli ni haba. Linapata joto, linapigapiga makofi kupitia kwenye kabureta, halina nguvu. Dalili hizi hufanana sana na za chujio lililoziba! Tofauti ni ile niliyoitaja: njaa ya mwinuko iko wakati wote, njaa ya chujio huja na mzigo na kuondoka na mapumziko. Mwalimu wa Jiografia na mwalimu wa Fizikia wangeweza kukutana juu ya nati hiyo moja na kufundisha kipindi kizima.

Lipo pia kosa la kinyume, nalo ni la hatari. Badala ya kuziba njia, uchafu hukwama katika vali ndogo inayofungwa na boya. Kazi ya vali hiyo ni kuzuia petroli bakuli linapojaa. Punje ikikaa kitakoni mwake, vali haifungi, pampu inaendelea kusukuma, na petroli inamwagika nje. Katika MGB na 240Z kabureta ziko upande ule ule wa injini ulio na bomba la moshi, tena juu yake. Sihitaji kueleza petroli inayodondokea chuma chenye moto hufanya nini. Magari mazuri yameungua kando ya barabara hivi hivi, na waliokuwamo wakashukuru Mungu kwamba milango ilifunguka. Ndiyo sababu nasema chujio si suala la mwendo mtamu peke yake.

Na hapo hapo nionye dhidi ya ujuzi nusu. Yupo anayesikia habari hizi akakimbilia dukani, akanunua chujio la kioo linalong'aa, akalifunga juu kabisa ya injini ili alionyeshe kwa marafiki. Kioo hicho kikipasuka kwa mtikisiko wa barabara, petroli yote ni juu ya moto. Yupo anayefunga chujio kinyume cha mshale. Yupo anayeng'oa pampu ya zamani, ambayo husukuma kwa nguvu ya paundi tatu hivi kwa inchi ya mraba, akaweka pampu ya gari la kisasa la kompyuta inayosukuma paundi arobaini na zaidi. Vali ya boya haikuumbwa kupigana na nguvu hizo.

Tena chujio haliwezi kumkamata mwizi aliye nyuma yake. Mipira ya petroli ikizeeka hubanduka kwa ndani na kutoa vipande vyeusi laini. Mpira ulio kati ya chujio na kabureta ukianza kubanduka, vipande vyake huingia moja kwa moja ndani ya bakuli, na mwenye gari hushangaa: chujio jipya, kabureta imesafishwa juma lililopita, na uchafu umerudi. Atabadilisha machujio kumi bila kufika. Halikadhalika maji. Tangi linaloachwa nusu tupu kwa miezi mingi hutoa jasho ndani usiku unapopoa, maji hukaa chini, kutu hufuata, na gari likiondolewa ghalani mashapo yote huamka kwa pamoja. Kwa gari lililolala muda mrefu, kuanza na kabureta ni sawa na kupiga deki chini ya paa linalovuja. Tangi litolewe, lioshwe, ndipo mambo mengine yafuate.

Petroli yenyewe nayo imebadilika. Risasi iliondolewa katika petroli yetu, sawa na katika nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, ilipoingia Januari 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari. Wenye magari ya kale walilalamika sana, na wengine hadi leo huitupia lawama kila kikohozi. Lakini risasi ilihusu vali za injini. Haina uhusiano na kabureta kuziba, na watoto wetu wamenufaika mno kwa kuondoka kwake. Jambo linalogusa kabureta hasa ni spiriti. Wazee watakumbuka petroli ya miaka ya 1980 iliyochanganywa na spiriti ya molasi kutoka Muhoroni. Uingereza nayo tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida vituoni ina spiriti ya hadi asilimia 10, na wenye magari ya kale wameshauriwa kuiepuka. Spiriti huvuta maji, hula mipira ya zamani, na hulegeza uchafu uliokuwa umeganda kwa amani tangini kwa miaka thelathini. Uchafu huo huenda wapi? Msomaji keshajua.

Kuhusu mafuta ya taa yanayotiwa ndani ya petroli na wafanyabiashara wasio na haya, hilo ni kosa la jinai, na kodi ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa mwaka 2018 ilikusudiwa kulikomesha. Chujio haliwezi kuyatenga. Nalitaja ili mtu asilitarajie.

Narudi sasa kwenye swali la awali: haya yanamhusu nini mwalimu? Yanamhusu kwa sababu wajuzi wanaondoka. Mafundi walioshughulikia magari ya Safari wakati Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda kwa 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia kwa gari la aina hiyo hiyo mwaka 1973, leo ni wazee, na wengi wamekwisha tangulia mbele ya haki. Miongoni mwao walikuwapo watu waliolinganisha kabureta mbili kwa kipande cha mpira tu: ncha moja sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, wakasikiliza mvumo wa hewa hadi pande zote mbili zikaimba sauti moja. Wakainua pistoni kama milimita moja na kusikiliza tena: injini ikipaa na kubaki juu, petroli imezidi, ikififia na kutaka kuzimika, imepungua, ikipaa kidogo kisha ikatulia, ni sawasawa. Ujuzi huo haukuandikwa na wengi wao. Ulikuwa masikioni.

Warithi wao ni vijana hodari, sitaki kuwabeza. Lakini sheria yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane, na kwa hivyo kila gari linaloshuka bandarini Mombasa hunyunyiziwa petroli kwa amri ya kompyuta. Fundi kijana huchomeka chombo chake, nacho humtajia kosa kwa nambari. MGB haina mahali pa kuchomeka. Ikiletwa mbele yake huwa kama barua ya hati za Kiarabu kwa mtu aliyezoea hati za Kilatini: lugha anaijua, herufi hazijui. Akikosa pa kuanzia, huanza pale anapoweza kuzungusha kitu. Nimeshuhudia jeti ya shaba ikisafishwa kwa waya wa chuma. Shaba ni laini. Waya hupanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi. Hewa ya kubana na dawa ya kusafishia ndivyo vilivyotakiwa. Nimeshuhudia vilevile pistoni ya kabureta ya kwanza ikirudishwa ndani ya kuba la kabureta ya pili, ilhali hivyo viwili vilichongwa pamoja na haviachani.

Anayedhani ujuzi huu utazikwa pamoja na magari ya matajiri na ahesabu pikipiki zilizoegeshwa katika kituo chochote cha bodaboda kuanzia Busia hadi Lamu. Nyingi zina kabureta. Zina bakuli, boya, vali, jeti na sindano, na nyingi zina kijichujio kidogo kwenye mpira unaotoka tangini, kile ambacho waendeshaji wengine hukitoa na kukitupa wakidai kinapunguza mwendo! Kijana anayelipa mkopo wa pikipiki kwa siku akipoteza siku mbili kwa sababu ya punje ya kutu, hiyo ni karo ya mtu. Elimu ya 240Z na elimu ya bodaboda ni moja. Tofauti ni kwamba mwenye 240Z ana fedha za kununua kabureta nyingine isiyohitajika, na kijana wa bodaboda hana.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unasifiwa kwa kumtaka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Vyema. Basi somo la umekanika lisibaki katika shule chache zenye karakana, na mchoro wa kabureta usiishie ubaoni. Kila mji una lundo la kabureta za pikipiki zilizotupwa na mafundi wa jua kali, na nyingi zitatolewa kwa bei ya chai au bure kabisa. Wenye magari ya kale nao wana deni. Wale wanaojivunia kuhifadhi urithi wa Safari wangefanya hisani kubwa zaidi wakilileta gari shuleni Jumamosi moja, pamoja na fundi wao mzee, kuliko kuliegesha nyasini ili lipigwe picha. Fundi huyo apewe kiti, aitwe mwalimu kwa siku hiyo, na mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuandika kila analolisema.

Mwalimu atakayejaribu asitumie petroli darasani hata tone. Kabureta ikaushwe siku kadhaa kwenye upepo, kisha maji ya rangi yatiwe bakulini na hewa ipulizwe kooni. Wanafunzi wataona maji yakipanda kupitia jeti kama Bernoulli alivyosema. Baada ya hapo awatilie ndani ya maji hayo kijiko kimoja cha vumbi la kutu lililokwanguliwa kwenye bati kuukuu, apulize tena, na awaulize wanatazama wapi kwanza. Watakaonyosha kidole kwenye kabureta wapewe kipande cha mpira na chujio, wafunge wenyewe, wakiangalia mshale.